KWA NINI MAJI HUGEUKA KIJANI? Virutubisho na mwani, kuanzia birika la udhu hadi bahari iliyoganda

Bismillahir Rahmanir Rahim



Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, vile tunavyoviona na vile tusivyoviona. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake.

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu watukufu, kila aliyewahi kupewa zamu ya kusugua birika la udhu anaijua kazi yake. Birika likisuguliwa na kujazwa maji safi, siku za mwanzo unaona mpaka chini. Likiachwa wazi juani, kuta zinaanza kuteleza, kisha maji yanashika rangi ya kijani. Hakuna aliyepanda mbegu wala aliyemwaga rangi. Tangi la pili lililojazwa siku ile ile kutoka bomba lile lile, lakini likafunikwa, linabaki safi. Na kidimbwi wanamoogelea bata kinakuwa kijani kuliko vyote.

Maji ni mamoja na jua ni moja. Mbona matokeo ni matatu? Tukilijibu swali hili vizuri tutaelewa kinachotokea chini ya barafu ya bahari za mbali, kilicholipata Ziwa Victoria, na jukumu letu sisi tunaokaa Njoro, mahali palipojaaliwa chemchemi.

KIJANI HICHO NI NINI?

Kijani hicho ni mwani. Wengi wetu tukisikia neno hili tunakumbuka mwani unaolimwa na akina mama wa Zanzibar katika maji mafupi ya pwani. Huo ni mwani mkubwa unaoshikika mkononi. Mwani tunaouzungumzia hapa ni mdogo mno. Mmoja mmoja hauonekani kwa macho, mpaka utumie hadubini. Unapokuwa mamilioni kwa mamilioni ndipo tunapoona rangi.

Mwani hauna mizizi, shina wala maua, lakini hujipikia chakula kama mgomba unavyofanya kwa majani yake. Huchukua mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa, ukatengeneza sukari na kutoa oksijeni. Ndiyo maana tangi lililofunikwa halikugeuka kijani: mwani uliomo ulikosa mwanga.

Lakini mwanga peke yake hautoshi. Kila kiumbe kinahitaji vitu vya kujengea mwili wake. Mwani unahitaji naitrojeni, fosforasi, madini ya chuma na vinginevyo. Hivi tunaviita virutubisho. Mkulima anavifahamu kwa jina jingine: mbolea. Kinachoukuza mpunga wa Mabogini na migomba ya kihambani ndicho kinachoukuza mwani. Kidimbwi cha bata kimekuwa kijani kuliko birika kwa sababu bata wanakitia samadi kutwa kucha.

FUNDI, KITAMBAA NA UZI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mchukulie fundi cherehani aliyepewa kazi ya kushona kanzu za wanafunzi kwa ajili ya Maulidi. Anacho kitambaa cha kanzu 20, lakini uzi alionao unatosha kanzu 5 tu. Atashona kanzu ngapi? Tano. Ukimletea kitambaa kingine cha kanzu 100, bado atashona 5. Lakini ukimletea kasha la uzi, cherehani itaanza kulia tena, na haitanyamaza mpaka kitambaa nacho kiishe.

Mwani ni hivyo hivyo. Haukui kwa kufuata kirutubisho kilicho kingi, bali kile kilicho haba kuliko vyote kwa kulinganisha na mahitaji yake. Hicho ndicho kinachoshika breki. Ukiongeza kisichopungua, huoni mabadiliko. Ukiongeza kile kilichopungua, hata kwa kiasi kidogo, maji yanabadilika.

Wataalamu wamepima mahitaji hayo. Kwa wastani, mwani wa baharini huwa na atomi 16 za naitrojeni na 106 za kaboni kwa kila atomi 1 ya fosforasi. Tazameni jinsi fosforasi inavyohitajika kidogo. Kwa hiyo pale inapokuwa ndiyo iliyopungua, kiasi kidogo tu kikiingia kinaweza kuotesha mwani mwingi sana.

Jambo hili lilionyeshwa wazi huko Ontario, Kanada, mwaka 1973. Mtaalamu David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo linalojulikana kama Ziwa namba 226, wakaligawa katikati kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hivyo hivyo, wakaongeza fosforasi. Upande wa kwanza ulibaki kama ulivyokuwa. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani, na picha iliyopigwa kutoka angani ikaonyesha ziwa moja lenye rangi mbili. Ushahidi huo ulizisaidia serikali kadhaa kuamua kupunguza fosfeti katika sabuni za kufulia.

Katika Surat al-Qamar tumefundishwa kwamba uumbaji wa Allah (S.W.) umekwenda kwa kipimo. Hapa kipimo hicho tunakiona katika tone la maji.

MASHAMBA YALIYO CHINI YA BARAFU

Pengine mtu atasema: haya ni ya nchi za jua na maji ya vuguvugu, kwenye barafu hakuoti kitu. Tuangalie basi.

Sisi watu wa Moshi tunaijua barafu kwa kuitazama Kibo. Lakini barafu ya Kilimanjaro imetokana na theluji inayoanguka kutoka mawinguni, na maji yake ni baridi yasiyo na chumvi. Kule kwenye ncha za dunia, Kaskazini na Kusini, bahari yenyewe huganda. Maji ya bahari huganda yakifika kama nyuzi 1.8 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa sababu chumvi iliyomo huyachelewesha.

Yanapoganda, chumvi haigandi pamoja nayo. Inasukumwa pembeni na kubaki katika vijia vyembamba vya maji makali ya chumvi vilivyopenya ndani ya barafu, mithili ya matundu ya mkate wa kumimina. Humo ndimo mwani unamoishi, hasa katika sentimita chache za chini kabisa, mahali barafu inapogusana na bahari. Aliyo mingi ni ya aina iitwayo dayatomu, yenye rangi ya kahawia na ganda gumu lililojengwa kwa silika, yaani kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Kipande cha barafu kikipinduliwa, upande wake wa chini unaweza kuonekana kama umemwagiwa chai.

Wakati wa baridi kali, jua halichomozi kwa wiki nyingi au hata miezi. Mwani unakosa mwanga na kukaa kimya, huku virutubisho vikiongezeka katika maji. Hapo kitambaa ndicho kilichopungua. Majira ya kuchipua yakifika, jua linarudi na mwanga unapenya barafu. Mwani unaanza kukua kwa kasi na kula akiba iliyowekwa. Kisha zamu inageuka. Mwanga sasa ni mwingi, lakini naitrojeni au silika imekwisha, na ukuaji unapungua mpaka maji ya chini yalete virutubisho vingine. Ndiyo maana mahali penye mikondo inayoyakoroga maji chini ya barafu, mwani hupata riziki nyingi zaidi kuliko mahali maji yalipotulia.

Mwani huo si pambo. Vijidudu vya bahari na kamba wadogo wanaoitwa krili wanaula. Samaki wanawala hao, sili wanawala samaki, na nyangumi wengine wanameza krili kwa tani. Katika bahari ya Kusini, krili wachanga wanapokabiliwa na majira ya baridi hujikwangulia chakula chini ya barafu.

Barafu ya bahari ya Kaskazini imepungua sana tangu setilaiti zianze kuipima kwa mfululizo mwaka 1979. Wapo waliodhani kwamba barafu ikiondoka mwanga utaongezeka, basi mwani utaongezeka vivyo hivyo. Ninyi mlioelewa habari ya fundi mnaweza kuwajibu. Mwanga ukiongezeka na virutubisho visiongezeke, ni sawa na kumletea kitambaa fundi asiye na uzi. Aidha barafu ikiyeyuka mapema, chakula kinaweza kutokea kabla ya wale wanaokihitaji hawajawa tayari.

YALIYOLIPATA ZIWA VICTORIA

Tutoke kwenye barafu turudi nyumbani Afrika Mashariki. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Ni ziwa pana lakini si refu sana kwenda chini, kwani kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu.

Watafiti walilinganisha vipimo vya maji ya ziwa hilo vya miaka ya 1960 na vya miaka ya 1990. Waliona kwamba katika kipindi hicho fosforasi iliongezeka karibu maradufu, na mwani ukaongezeka mara kadhaa. Maji yaliyokuwa yakipitisha mwanga yakawa na ukungu wa kijani. Fosforasi hiyo ilitoka kwenye udongo uliomomonyoka mashambani, maji taka ya miji, samadi na mbolea, na pia moshi na vumbi la mashamba na misitu inayochomwa, ambavyo hupeperushwa na upepo na kuangushwa ziwani na mvua.

Lakini fosforasi ikiongezeka, je, naitrojeni haitakuwa breki? Ingekuwa, lau si kundi moja linaloitwa sayanobakteria. Watu wengi huliita mwani wa kijani-bluu, ingawa kwa hakika ni bakteria. Baadhi yao wana uwezo wa kuchukua naitrojeni hewani, na hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78. Hawa ni kama fundi anayejisokotea uzi mwenyewe. Fosforasi ikipatikana, hawazuiliki kirahisi, na ndio walioongezeka.

Wakati huo huo dayatomu zilizokuwa nyingi zamani zilipungua. Fosforasi ilipozidi, zilikua na kutumia silika, kisha zikazama nayo chini. Silika katika maji ya juu ikashuka mpaka kama sehemu moja ya kumi ya ile ya zamani. Kirutubisho kile kile kinachoukwamisha mwani wa barafu kikazikwamisha dayatomu za ziwa la Ikweta.

Madhara yake hayakuishia kwenye rangi. Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza hula oksijeni. Sehemu kubwa ya maji ya chini ya ziwa ikawa haina hewa ya kuwatosha samaki kwa kipindi kirefu cha mwaka. Magugu maji nayo, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yalikuta maji yameshatiwa mbolea. Katika Ghuba la Winam, upande wa Kisumu, sayanobakteria huotea kwa wingi, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini.

MWANI SI ADUI

Tusije tukauchukia mwani. Bila mwani hakuna perege, hakuna sangara wala dagaa. Sehemu kubwa ya oksijeni inayotengenezwa duniani inatoka kwa viumbe hawa wadogo wa majini.

Tena mfano uko karibu. Katika maziwa ya magadi kama Natron na Momela, wale heroe wadogo wenye rangi ya waridi wanaishi kwa kula sayanobakteria wa aina maalumu wanaopenda maji ya magadi. Hata ile rangi yao nzuri inatokana na chakula hicho. Lakini mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi katika maziwa ya Manyara na Momela, na watafiti waliochunguza maji walihusisha vifo hivyo na sumu ya sayanobakteria. Basi riziki na madhara vinaweza kutoka katika maji yale yale, ikitegemea ni aina ipi imeota na kwa kiasi gani.

MAJI YETU YA NJORO

Maji ya chemchemi zetu kwa sehemu kubwa ni mvua iliyonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro, ikazama ardhini, ikachujwa na miamba na kutokeza huku chini. Maji ya mto Njoro na mto Rau ndiyo yanayomwagilia mpunga katika mradi wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987. Maji ya miteremko hii ya kusini hatimaye huelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu, kupitia mito ya Kikuletwa na Ruvu.

Mto unaokwenda hauonyeshi haraka ulichotiwa, kwa sababu unakibeba na kuondoka nacho. Bwawa ndilo linalopokea. Huko maji hupunguza mwendo, yanakaa juani, na kila kilichooshwa huku juu kinapata nafasi ya kuotesha mwani. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya urea una naitrojeni kilo 23. DAP ina naitrojeni na fosforasi kwa pamoja, yaani kitambaa na uzi katika mfuko mmoja. Mbolea hiyo ikibaki shambani ni chakula cha watoto wetu. Ikikimbilia mtoni ni hasara ya mkulima na ni mzigo kwa mvuvi wa perege ambaye hatujawahi kumwona.

Kwa hiyo tuyashike haya:

1. Tuweke mbolea kwa kipimo, tusiiweke mvua kubwa inapokaribia, wala tusioshee mifuko yake mtoni.

2. Tusielekeze vyoo na maji ya kufulia kwenye mifereji na mito.

3. Mifugo inyweshwe kwenye hori, isisimame ndani ya chemchemi.

4. Tuache miti na majani kingoni mwa mto ili yazuie udongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezilinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa dhidi ya shughuli zinazoharibu.

5. Birika lifunikwe na kusuguliwa. Maji yake ya kijani yamwagwe kwenye migomba, si kwenye mfereji, kwani ndani yake mna mbolea.

TWAHARA NA AFYA

Wanafunzi wa fiqhi watauliza: je, maji ya kijani yanafaa kutawadhia? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, akiwemo Imam Nawawi, wamelitaja jambo hili kwa jina. Mwani wa majini wanauita tuhlub, na wamesema kwamba maji yakibadilika kwa sababu yake, au kwa kukaa muda mrefu, hayatoki katika hukumu ya maji yenye kutwaharisha. Ni wepesi katika dini, kwa sababu ni vigumu kuyakinga maji na kitu hicho.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kufaa kwa udhu si kufaa kwa kunywa. Maji yenye utando mzito wa kijani yasinywewe, wala wasipewe watoto na mifugo. Na kuyachemsha hakutoshi: moto unaua vijidudu, lakini sumu ya baadhi ya sayanobakteria haiondoki kwa kuchemsha. Yakiwa yanadhuru ngozi pia, tafuteni maji mengine na muwaulize masheikh wenu.

Tena tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na akatahadharisha dhidi ya kujisaidia kwenye njia za maji. Sisi tunatii kwa sababu ni amri yake, na twahara inatosha kuwa sababu. Lakini mtu akijua kwamba mkojo una naitrojeni na fosforasi, na kwamba maji yaliyotuama hayana pa kuvipeleka, anazidi kuona rehema iliyomo katika katazo hilo.

JARIBIO

Wanafunzi wanaweza kujionea wenyewe, wakiwa na mwalimu. Chukueni chupa tatu za plastiki zinazoonyesha ndani. Zijazeni maji safi ya chemchemi, na kila moja muitie kijiko kimoja cha maji ya kijani kama mbegu. Ya kwanza msiitie kitu. Ya pili mtie punje chache za urea. Ya tatu mtie punje chache za DAP. Ziwekeni dirishani penye mwanga, vifuniko vikiwa vimelegezwa, na kila siku muandike rangi mnayoiona kwa muda wa wiki mbili au tatu. Msiyanywe maji hayo, na mnawe mikono kwa sabuni.

Ikiwa chupa ya pili itabaki karibu sawa na ya kwanza, na ya tatu ikawa kijani, mtakuwa mmejua kirutubisho kipi kilikuwa haba katika maji yenu. Ikiwa ya pili ndiyo iliyokolea, nalo ni jibu. Andikeni mlichokiona, si mlichokitarajia, kwani ukweli ni sehemu ya elimu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atuhifadhie chemchemi zetu, na atujaalie tuwe wenye kuwafikishia walio chini yetu maji kama tulivyoyapokea kutoka juu. Amin.

Wabillahi tawfiq.